Sokomutu Mgongoni Hadi Lwiro

Niliondoka Bukavu kwa sababu mtoto alikuwa anakohoa na hataki kula. Nasema mtoto, na ninyi majirani zangu wa Kadutu mcheke tu. Alikuwa sokomutu mdogo, sokwe yule anayefanana na mtu, masikio yote. Mdogo wangu Bahati, anayechimba dhahabu kule Mwenga, aliniletea ndani ya kikapu baada ya mume wangu kufariki. "Dada, huyu atakutoa upweke," alisema. Na kweli alinitoa. Nyumba iliyokuwa kimya ikapata mtu wa kunivuta nywele. Lakini sasa alikuwa anakwisha mikononi mwangu, na muuguzi wa mtaani alisema yeye anatibu watu. Nikasikia kwamba Lwiro, kwenye kituo cha utafiti, kuna wanaojua wanyama.

Asubuhi nilimfunga mgongoni kwa kitenge changu cha bluu, nikamfunika kichwa, nikapanda kamioneti ya kwenda Katana. Akina mama wakanisogezea nafasi. "Pole, maman, mutoto iko mugonjwa?" Nikaitikia. Jamani, tangu niolewe hakuna aliyewahi kunisogezea nafasi hivyo! Nilikaa nikiionja heshima ya mama mwenye mtoto, isiyo yangu.

Kabla ya kufika kijiji cha Miti, mkono wenye manyoya ulichomoka ndani ya kitenge ukamshika muzee mmoja shingoni. Mungu wangu, kelele zilizopigwa! Kivoyeri, yule kijana wa kupakia mizigo, akauliza, "Maman, huyu anafanana weye ao baba yake?" Gari zima likacheka. Mimi pia nilicheka, halafu machozi yakanitoka.

Pale Miti tulisimama kushusha mizigo. Nilipokuwa msichana nikija kwa shangazi yangu huku, msitu ulionekana karibu, umeteremka mlimani. Sasa niliona visiki, maharagwe na moshi. Sikumlaumu mtu, maana maharagwe hayo nami nayala.

Mchana nilifika Lwiro kwa miguu kutoka barabara kubwa. Alinipokea Papa Cirhuza, mlisha wanyama wa kituo. Alimsikiliza mtoto kifuani, akampa dawa, kisha akaniuliza, "Na mama yake iko wapi?"

"Wachimbaji walimukula."

"Ni vile tu, maman. Mama wa sokomutu hawezi kuachilia mutoto akiwa muzima. Wanamuua kwanza, juu ya kupata mutoto."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Nikauliza kama akipona watamrudisha kwao msituni.

"Musitu gani? Kama walichimba dhahabu pale, sasa ni mashimo na mihogo. Hata siye hatujue tutamupeleka wapi."

Mtoto alikataa kukiachilia kitenge. Nikakifungua mwilini mwangu, nikamwachia. Alikikumbatia, akanusa, akakubali ndizi ya kwanza tangu juzi. Nilitoka bila kugeuka, maana ningegeuka ningelala pale pale.

Jioni, kurudi, kivoyeri alikuwa yule yule. "Maman, mutoto iko wapi?"

"Anakula," nilijibu. Mgongo wangu ulihisi baridi njia nzima. Nilisimama mpaka Bukavu, hakuna aliyesogea.

Nyumbani kimya kilikuwa kile kile cha zamani, ila sasa kilinishinda. Nilianza kusemezana na sufuria. Siku chache baadaye Bahati akabisha hodi, kikapu mkononi, na kikapu kinatikisika.

"Dada, nilisikia unabakia peke yako tena. Nimekutafutia mwingine."

Moyo wangu uliruka kwa furaha, sitawaficha. Kidole cheusi kilipenya kwenye kikapu, kikashika changu, kikang'ang'ania. Hapo ndipo nilipoelewa nilichojifunza Lwiro: wale wanyama wanakwisha kwa mashimo na mashamba, na wanakwisha pia kwa ajili yangu mimi, mjane wa Kadutu anayeogopa kulala peke yake.

"Na mama yake iko wapi, Bahati?"

Alikiweka kikapu chini, baina yetu.

"Nilifanya vile juu yako, dada, usibakie peke yako," alisema.