Kuku amemeza jibu ya programu yangu

Bandugu, mutoto wangu Gracia ametoka kupatia kuku haragi moya ya plan yangu!

Kesho kwa formation, kule ninajifunza kutengeneza programu, ninaonyesha plan ya programu ya kuagizia unga ku maduka ya Kampemba. Ikipita, tutaijenga. Ikikataliwa, basi.

Nilichora visanduku vya muteja na vya duka, na mishale kati yao, nikatia maharagi juu ya karatasi. Kila haragi ni ujumbe wenye kutembea.
Ile ya Gracia ilikuwa jibu ya duka: "Unga iko."

Kuku akaimeza. Visanduku vyote vikabaki kungojea, tuli!

Nilitaka kukasirika. Halafu nikawaza: réseau ya simu ikikatika na jibu ipotee njiani, si itakuwa vile vile?
Nikachora mushale mupya: jibu isipofika, uliza tena. Nikatembeza maharagi, yakafika mpaka mwisho!

Bwana yangu anacheka: "Mama Gracia, ule kuku iko ingénieur. Usimuchinje!"

Kesho niko tayari kabisa. Tumupatie kuku zawadi gani? Mimi nawaza... eh, mama mukwe ananiita, Gracia amemwangia kuku sufuria yote ya maharagi!