Ndege ya Vita Kwenye Kiwanja cha Mbuzi

Juzi nilirudi Garissa nikakuta ukuta wa mawe mahali palipokuwa na kiwanja chetu, nyuma ya boma la ayeeyo, nyanya yangu. Juu ya ukuta alisimama korongo mmoja wa wale wenye upara wanaozunguka machinjio. Nikacheka peke yangu. Ngoja nikueleze kwa nini.

Mjomba, niliyemwita abti, alikuwa na ndege ndogo ya vita, ya kurushwa kwa rimoti. Ilikuwa nzuri, ila ilitua kwa kasi mno, na kiwanja kilikuwa kifupi. Mwishoni mwake palikuwa na zizi la ayeeyo. Siku moja ilipitiliza hadi ndani, mbuzi wakaruka ua wa miba, na mmoja mimba yake ikaharibika.

"Ikifika tena kwa mbuzi wangu," ayeeyo alisema akimimina chai ya maziwa ya ngamia, yenye harufu ya iliki na moshi, "naikokea moto, naipikia chai."

"Haya, hooyo," abti akamjibu mama yake. Alijua hatanii.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza. Mbona korongo, mzito vile, anatua juu ya kibanda bila kupitiliza? Abti akasema anainamisha mabawa, upepo unambeba. Na ndege yako je? Alichukua bisibisi.

Nyuma ya kila bawa palikuwa na kibawa cha kuilaza ndege upande. Kimoja kikipanda, kingine hushuka. Abti akavipanga vishuke vyote pamoja kwa swichi moja, huku vikiendelea na kazi yao ya zamani. Mara ya kwanza alivishusha mno. Ndege ikainua pua, ikakwama hewani, ikaangukia bawa moja.

"Korongo wako amelewa," ayeeyo alisema.

Tulikesha na gundi. Siku ya pili, baada ya alasiri, niliwasogeza mbuzi watoke kiwanjani, kazi yangu kila ndege iliporuka. Ayeeyo alisimama mbele ya zizi na fimbo yake, asibanduke. Abti akashusha vibawa nusu tu, akaizuia pua isipande. Mlio ukapungua. Ndege ikaja polepole, kama mgeni anayebisha hodi, ikagusa vumbi, ikasimama kabla ya miba.

Ayeeyo aliigusa kwa fimbo yake.

"Zile za kweli nilizoziona mimi hazikupunguza mwendo," alisema. "Hii iache iruke."

"Zipi, ayeeyo?"

"Kunywa chai yako."

Chuoni nilifundishwa hesabu za bawa na upepo, nikazibishia zote kwanza kabla ya kuzikubali. Abti sasa yuko mbali, mbuzi waliuzwa, na ayeeyo amelala kaburini bila kuniambia ni zipi alizoziona. Korongo wa ukutani aliruka, akazunguka, akainamisha mabawa yake, akashuka. Nikajikuta nimenyoosha mikono, nawasogeza mbuzi ambao hawapo.