Kisiki Chini ya Chumba cha Padri

Saa kumi na mbili asubuhi, mvua imekatika sasa hivi, na fundi wa misheni, Papa Cyprien, amekwisha kupiga magoti nyuma ya nyumba ya mapadri, kilimani juu ya maporomoko ya Kisangani. Hasali. Anapima ufa wa ukuta kwa vidole. Jumapili kiliingia kimoja. Leo, Mungu wangu, vinaingia viwili!

Upande wa pili wa ukuta huo ndipo kilipo kitanda cha Padri Eugène.

Fundi huyu wa miaka hamsini na miwili aliijenga nyumba hii mwenyewe, mwaka 1927, akiwa bado kijana. Matofali yalichomwa mtoni, wanawake wakayapandisha kichwani, elfu arobaini, kanisa kwanza, kisha nyumba. Askofu alikuwa njiani kuja kubariki, na kwenye msingi kisiki cha mti mkubwa kimegoma kung'oka. Yeye na vijana wenzake wakakifukia, wakajenga juu yake.

"Tulisema, bon, ni muti mugumu, itashika kuliko mawe," anasema. "Tulicheka hata! Sasa imeoza."

Mbona hakusema? Alisema! Jumamosi aliungama yote kwa Padri Eugène mwenyewe, akaondolewa dhambi, akarudi kwake mwepesi. Akangoja padri ahame chumba. Padri hakuhama. Hata kitanda hakukisogeza.

Mkewe, Nyota, ndiye aliyemfumbua macho.

"Maneno ya kitubio haitokake mu kitubio, Papa. Hata nyumba imuangukie, hawezi kufanya kitu na ile ulimuambia kule. Uende umuambie tena, inje, mu jua."

Rahisi kusema. Fundi wa misheni hukaa nyumba ya misheni. Akifukuzwa, watoto sita wanashuka mlima na vyungu vyao. Siku nne sasa tangu aungame, kazi yake ni kupima ufa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa kifo kinamnyemelea mtu mwingine, na hilo linamtisha zaidi.

Misa imekwisha. Padri anapofika barazani, Cyprien anavua kofia.

"Mon père, chini ya chumba yako iko kisiki, imeoza. Ni mimi nilifukia. Unipe wiki mbili tu, nitachimba, nitajaza mawe. Nyuma ya ile, kama unataka kunifukuza, alors…"

Anaongea na mlango. Padri ameshaingia ndani, na sasa anatoka akikokota godoro, jasho linamtiririka. Analiangusha barazani, anaketi juu yake.

"Siku ine, Cyprien," anasema. "Siku ine nalala na viatu."