Nafasi ya Saba Korongoni

Waliokuwa wakipiga kambi Mireteni, kule kwenye milima ya jangwa ya Nevada, walimjua Orval kabla ya kumjua Verda mkewe. Yeye ndiye aliyekuja kwanza, kizibao cha rangi ya chungwa mwilini, mkono umeshanyooshwa wakati gari lako bado linanguruma. "Karibuni, karibuni! Maji mmebeba? Msije mkaniambia mmebeba bia tupu!" Verda alikuwa huko nyuma na ndoo na brashi ya kusugulia vyoo. Ndivyo dunia ilivyo, mmoja husalimu na mwingine husugua, na anayesalimu ndiye anayekumbukwa.

Lakini Verda hakulalamika. Alizaliwa upande wa pili wa mlima huohuo, kwenye mji wa machimbo ya shaba ambao leo umebaki kuta na makaburi. Alipika katika jiko la shule miaka na miaka, na Orval aliendesha greda la kusawazisha barabara za vumbi za wilaya. Walipooana hawakuwa na senti ya hoteli, basi fungate yao ilikuwa hema la kuazima pale Mireteni, kwa kuwa ardhi ni ya umma na aliyelala juu yake haulizwi baba yake ni nani. Verda alikuwa akisema usiku ule baridi iliwatafuna mpaka wakavaa soksi mikononi. Akisema hivyo uso wake unang'aa kama wa msichana, nawaambieni.

Walipostaafu waliuza nyumba, wakanunua trela la kuishi, wakaomba uenyeji wa kambi. Kazi hiyo haina mshahara. Unapewa mahali pa kuegesha trela, maji na gesi, nawe unatunza vyoo, unazima mioto ya wazembe na kuwapokea wageni. Kwa Mireteni idara ya hifadhi ilitaka mume na mke, maana ni mbali na mtu peke yake akivunjika mguu ataliwa na kunguru. Wakakaa, majira yakapita juu ya majira, na sisi wa kila mwaka tukawazoea kama tulivyoizoea milima yenyewe.

Kisha Orval akaanza kusahau.

Mwanzoni ilikuwa funguo, na nani asiyesahau funguo? Halafu Verda akakuta karatasi za chooni zimepangwa ndani ya friji. Siku nyingine mzee alisimama mbele ya Marisela, askari wa hifadhi aliyekuja kila wiki na ambaye Orval mwenyewe alimfundisha kubadilisha tairi kwenye mawe, akamwuliza kama ni mara yake ya kwanza kufika. Marisela akacheka, akidhani anataniwa. Verda naye akacheka, kisha akamshika mzee mkono akamwondoa hapo.

Tangu hapo akawa kivuli chake. Mgeni akija, Verda anajipenyeza karibu na kusema kwa sauti, "Mzee, si huyu Dale aliyekuja na mbwa mwaka jana?" Na Orval, mjanja wa kuzaliwa, anadaka palepale: "Dale! Mbwa kakuacha kaenda kutafuta bwana mwenye akili?" Watu wanaangua kicheko. Nani angeshuku? Janeen, binti yao wa mjini, ndiye peke yake aliyeambiwa, na alipiga simu akilia.

"Mama, mlete huku. Kuna nyumba nzuri za kuwatunza watu wa namna yake."

"Baba yako ukimfungia kwenye chumba chenye zulia hatafika Krismasi."

"Na wewe je? Wewe utafika?"

"Mimi niache. Nataka amalizie hapa tu, basi. Akifa, afe akiwa anakaribisha wageni."

Hilo ndilo alilokuwa akilitaka, na hakutaka kingine. Idara ikijua, kizibao kingevuliwa siku hiyohiyo, na trela lingeondoka. Kwa hiyo alinyamaza. Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na Verda alilijua hilo vizuri, lakini kujua ni kitu kimoja na kumvua mumeo nguo mbele za watu ni kitu kingine.

Ilikuwa mwezi wa nane, msimu wa radi, siku za mapumziko marefu. Kambi ilijaa pomoni. Verda alikuwa kwenye vyoo vya juu tangu chakula cha mchana, maana watu wa mapumziko wakila maharage na nyama ya pilipili, jamani, tusiseme mengi. Aliporudi alimkuta Orval amekaa kwenye kiti cha turubai, miguu mbele, ameridhika.

"Kulikuja familia moja," akasema. "Baba, mama, vibinti viwili. Wamechoka hao! Wameambiwa kila mahali pamejaa. Nikawaambia, kwangu mimi hakurudishwi mtu na watoto."

"Umewaweka wapi, mzee?"

"Nafasi ya saba."

Verda akaiweka ndoo chini. Nafasi ya saba haikuwapo tena. Zamani ilikuwa chini kabisa, ndani ya korongo kavu, kwenye mchanga laini chini ya mti mkubwa, na ilikuwa nzuri kuliko zote. Kisha mwaka mmoja mvua ilinyesha mlimani, hapa kambini hata tone, na maji yakashuka korongoni yakabeba meza ya zege na jiko la chuma. Kwa bahati hakuna aliyekuwa amelala. Idara iliifunga, na ni Orval huyuhuyu aliyevingirisha mawe kuziba njia. Sasa mawe hayo alikuwa ameyasogeza kwa mikono yake. Vidole vilikuwa vimechubuka.

Akatazama mlima. Jua lilikuwa linawaka kambini, watu wanaota jua, lakini kule kileleni wingu lilikuwa jeusi tititi, limeinama.

Aliingia kwenye pikapu akashuka akipiga honi. Chini kule hema lilikuwa limesimama, vibinti vinachimba mchanga, na baba yao, kijana mrefu aitwaye Trent, alikuwa anapasua kuni.

"Ondokeni! Sasa hivi! Acheni vitu, pandeni juu!"

Trent akamkodolea macho, kisha akatazama anga la buluu juu ya kichwa chake. "Kuna nini, bibi? Tumepewa hapa na mwenyeji."

"Maji yanakuja."

"Maji gani? Hakuna mvua."

Na kabla Verda hajajibu, Orval naye akatokea, ameshuka kwa miguu, kizibao kimefungwa vizuri, anahema lakini anatabasamu. Mzee wa watu! Ungemwona ungemwamini. Hata mimi ningemwamini.

"Verda, usiwatishe wageni," akasema kwa upole. "Msimsikilize, wanangu. Mke wangu ana hofu siku hizi. Nimekaa hapa miaka mingi, hapa ndipo pazuri kuliko pote."

Mama wa watoto, aliyekuwa ameshaanza kuwashika mikono, akawaachia. Trent akaweka shoka chini, akamtazama mwanamke mwenye nywele zilizotimka na harufu ya dawa ya vyoo, akamtazama mwanamume mwenye kizibao na kitambulisho. Ukweli ni kwamba alishachagua.

Verda akawa na njia moja tu. Aliitafuta nyingine, Mungu anajua, hakuipata.

"Mume wangu ni mgonjwa," akasema. "Akili imemtoka. Hajui leo ni siku gani, hajui anachosema. Mahali hapa palifungwa. Msimwamini hata neno moja."

Alisema hivyo kwa sauti, mbele yake. Tabasamu la Orval halikuondoka upesi. Lilibaki pale usoni kwa muda, halina mwenyewe, kisha likaanguka. Akaangalia chini, akaanza kukifungua kizibao na kukifunga tena.

Wakapanda. Verda alimvuta mumewe kwa mkono kama mtoto, naye hakubisha. Walikuwa juu ya ukingo, Trent bado ananung'unika kuhusu sanduku lake la barafu, mlio uliposikika kutoka upande wa mlima. Kisha maji yakaja, ya kahawia, mazito, yamebeba magogo mbele. Hema lilikwenda lote mara moja. Binti mdogo akauliza kama litarudi.

Jioni Trent alikuja trelani, macho mekundu. Hakujua aweke wapi mikono yake.

"Bibi, tumekubaliana na mke wangu. Hatutamwambia mtu. Mzee alitaka kutusaidia tu. Tutasema tulijiweka wenyewe pale."

Lo! Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi mbele yake. Angeweza kumshukuru, akafunga, na Orval angevaa kizibao kesho na keshokutwa, na pengine mpaka mwisho, kama alivyotaka. Verda alisimama akishika kitasa. Nje vibinti viwili vilikuwa vinamsubiri baba yao, vimejifunga blanketi moja.

"Asante, mwanangu," akasema. "Lakini atawaweka wengine pale."

Akachukua redio, akamwita Marisela, akamweleza yote tangu karatasi za chooni ndani ya friji. Sauti haikutetemeka mpaka alipofika kwenye mawe.

Marisela alifika asubuhi. Ndiye aliyelia, si Verda. "Bibi, mbona hukuniambia? Mimi ningekulaumu?"

"Usingenilaumu. Ungekichukua kizibao."

Marisela akajifuta machozi. Akasema wanaweza kukaa mpaka mwisho wa msimu kama wageni wa kawaida, bila malipo, yeye mwenyewe atazungumza na wakubwa. Verda alitikisa kichwa. Orval hawezi kuwa mgeni Mireteni. Angeona gari, angelikimbilia. Kizibao Verda alimvua mwenyewe, alipokuwa anamwosha, akasema kinakwenda kufuliwa.

Sisi tuliokuwepo tuliwasaidia kufunga trela. Tulizungumza habari za matairi. Tulipanga mstari njiani, na Orval alitupungia mkono mmoja mmoja, akituambia tuzime moto wetu vizuri na tukaribie tena mwakani. Kuna mmoja wetu, mtu mzima na ndevu zake, alikwenda kujificha nyuma ya gari.

Verda ndiye aliyeendesha. Njia ya vumbi inashuka polepole kutoka mlimani mpaka uwandani, na baadaye alimsimulia Janeen kwamba mzee sehemu kubwa ya njia alikuwa akitafuta vifungo kifuani ambavyo havikuwapo. Ugonjwa ule ulimwachia uchungu ukamnyang'anya sababu yake.

"Wametufukuza," akasema mwishowe.

"Hawajatufukuza, mzee. Tunakwenda kwa Janeen."

"Wametufukuza. Kuna mwanamke mmoja alinitukana. Mbele za watu, Verda, mbele ya watoto. Alisema sina akili." Midomo ilikuwa inamcheza. "Simjui hata ni nani. Sijamkosea kitu."

Verda aliendelea kushika usukani. Mbele ya kioo barabara ilikuwa haionekani vizuri tena.

"Ungekuwepo wewe," Orval akasema, akauweka mkono wake juu ya paja la mkewe, "usingemwacha aniseme vile."

"Nisingemwacha," Verda akasema.