Chupa za Insulini Chini ya Kitanda cha Mama

Leo nimetupa chupa tupu, na nimemuumiza kaka yangu.

Tulikuwa kwa Mama Isinya na kaka yangu Saitoti, tukitoa vitu vyake ndio ahamie kwangu Kitengela.

Saitoti hatupi kitu. Hata ndoo zilizotoboka alikuwa anazirudisha ndani.

Chini ya kitanda nikapata boksi la chupa za insulini zilizoisha. Nikazimwaga kwa takataka.

Saitoti akapiga magoti, akaanza kuziokota.

"Hizi zote ni mimi nilimdunga, asubuhi na jioni. Wewe ulikuwa unakuja Krismasi."

Hata pole sikusema, wacha niwe mkweli.

Sasa Mama yuko kwangu. Ameniuliza polepole, "Na wewe, unajua kudunga?"

Sijui.

Nyinyi mngempigia Saitoti mkimwambia nini?