Chupa Yenye Jina la Wamaitha

Hiram wa Ngigi alikuwa na hakika kwamba nusu ya Nakuru ilitembea na damu yake mwilini. Tangu arudi kutoka vita vya Burma na kadi ya jeshi iliyoandikwa herufi O, akaajiriwa kuwa dresa, mfunga vidonda, katika hospitali ya Waafrika, alikuwa amelala kwenye kile kitanda chembamba cha kutolea damu zaidi ya mara ishirini. Mpasua mbao wa Elburgon aliyeangukiwa na gogo alikuwa na chupa nzima ya Hiram. Mama mmoja wa Njoro aliyejifungua pacha alikuwa nayo pia. Akipita sokoni watu walimwita Baba Damu, naye aliitika kwa kuinua kofia kidogo tu, maana mkubwa hachangamkii kila salamu.

Madaktari wa jeshi walimwambia kwamba damu ya kundi O hupokewa na watu wa makundi yote. Hiram hakulichukua hilo kuwa jambo la damu. Aliona ni sifa ya tabia yake, kama vile mtu asemavyo fulani ni mkarimu.

Na ulimi alikuwa nao. Daktari Praful, aliyekuwa mkubwa wa wodi, alikuwa hodari wa Kigujarati na Kiingereza, lakini Kiswahili chake kilichechemea, kwa hiyo kazi ya kuwaeleza wagonjwa maradhi yao ilikuwa ya Hiram. Alisimama katikati ya vitanda na kuwaambia kwamba chembe nyekundu za damu ni wapagazi, hubeba hewa kutoka mapafuni. Chembe nyeupe ni askari. Tezi za kinenani na kwapani ni vituo vya hao askari, na mtu akiota mtoki ajue kituo kimejaa, kuna mwizi ameingia. "Na bandama," alimalizia akijipapasa ubavu wa kushoto, "ndiko wapagazi wazee wanaenda kuvunjwa. Mpagazi haishi zaidi ya miezi minne. Mwili unatengeneza wengine." Wagonjwa walitikisa vichwa, na Daktari Praful naye alitikisa, ingawa hakuelewa yote.

Kisha mwaka wa hamsini na saba akaja Kimutai.

Alikuwa kijana wa Eldama Ravine, mwembamba, kazi ya maabara amejifunza Nairobi, na alikuja na darubini mpya na visanduku vya dawa za kupimia. Wiki ya kwanza aliwapima wafanyakazi wote. Zamu ya Hiram ilipofika, Kimutai alitazama matone kwenye kioo, akatikisa kioo, akatazama tena.

"Mzee, damu yako ni O, iko sawa. Lakini ni Rhesus positive. Kuna watu haiwezi kuwaingia."

"Rhesus ni kitu gani?"

"Ni alama iko juu ya chembe nyekundu. Watu wengi wako nayo. Wachache hawana, hao ndio negative. Ukimpatia mtu wa negative damu iko na alama, mwili wake unaiona adui. Unatengeneza kingamwili za kuipiga. Jina lilitoka kwa nyani fulani walipimia huko Amerika."

"Kwa hivyo sasa tunapimwa na nyani." Hiram aliteremsha mkono wa shati. "Na yako wewe?"

"Yangu ni O negative."

Aliyasema taratibu, bila majivuno yoyote, na hilo ndilo lililomchoma Hiram zaidi. Kama angejivuna, pangepatikana pa kumshika.

Wivu haukuja wote kwa siku moja. Ulianza pale Daktari Praful alipoacha kusema "Hiram nasema nini?" akaanza kusema "Kimutai nasema nini?" Ukakua pale mwanamke wa negative alipoletwa na damu ikimtoka, na aliyeitwa kulala kwenye kile kitanda chembamba akawa Kimutai. Hiram alisimama mlangoni akiangalia chupa ikijaa. Alimwonea yule kijana kijicho cha mishipa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini walisahau kusema mwenyeji mwenyewe hujisikiaje wakati anaponywa.

Nyumbani kwake Bondeni hali haikuwa nyepesi. Yeye na mkewe Wamaitha walikuwa na binti mmoja, Wariara, mwenye umri wa miaka saba. Baada ya Wariara walizaliwa wawili. Wa kwanza aligeuka rangi ya manjano, akafa siku ya tatu. Wa pili alizaliwa maiti. Mama yake Hiram alisema waziwazi mbele ya wanawake wa kanisa kwamba tumbo la Wamaitha lina kasoro, na Hiram, anayejua kueleza kila kitu cha damu, alinyamaza akaendelea kunywa uji. Sasa Wamaitha alikuwa mjamzito tena, na hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kutaja jina la mtoto.

Siku moja alirudi kutoka kliniki ya wajawazito akiwa na uso uliotulia kuliko kawaida.

"Nimeonana na yule kijana wenu wa damu," alisema. "Ako na heshima. Ameniuliza juu ya wale wawili. Rangi yao, siku walizokaa, kila kitu. Hakuna mtu amewahi kuniuliza hivyo, Baba Wariara."

Hiram aliweka kikombe chini.

"Na akataka nini?"

"Nirudi Alhamisi anitoe damu apime. Anasema kila mama sasa anapimwa."

"Hutarudi. Mimi ni dresa miaka kumi na mbili. Mke wangu hatashikwa mkono na mtoto wa juzi. Damu nitaipeleka mwenyewe."

Hapo angeweza bado kuwa mtu mwema. Sindano alikuwa nayo, mkono wa mkewe ulikuwa karibu, kazi ilikuwa ya dakika mbili. Lakini usiku mzima aliwaza, na alichowaza ni hiki: kama Wamaitha atapatikana hana ile alama, siku ya kujifungua damu ikihitajika ataitwa Kimutai. Damu ya Kimutai iingie katika mwili wa mkewe, na Baba Damu asimame pembeni na kofia mkononi. Hapana. Na hata hivyo, alijiambia, Rhesus ni maneno ya watu waliosoma sana, vita vizima tulivipigana bila hayo. Alhamisi asubuhi alijifunga mpira kwenye mkono wake mwenyewe, akajichoma, akajaza chupa ndogo. Akabandika karatasi juu yake na kuandika jina la Wamaitha kwa mwandiko mzuri.

Kimutai aliipima na kuandika kwenye kadi ya Wamaitha: O, Rhesus positive. "Afadhali," alimwambia Hiram. "Nilikuwa na wasiwasi bure." Hiram alikwenda zake akipiga mluzi.

Mtoto alizaliwa mwezi wa Februari, alfajiri, mvulana. Alilia vizuri, na Wamaitha hakuhitaji damu ya mtu yeyote. Hiram aliingia wodi ya wazazi mara tatu kabla ya saa nne, na ilikuwa katika ile mara ya tatu alipoona weupe wa macho ya mtoto. Ulikuwa umegeuka. Kufikia saa sita kifua chote kilikuwa cha manjano na mtoto alikuwa ameacha kunyonya.

Daktari Praful alipapasa tumbo dogo. "Bandama kubwa," alisema. "Mimi naona kama Rhesus. Leta kadi ya mama." Akaisoma. Akaisoma tena. "Lakini mama positive. Basi hapana Rhesus. Labda sumu ya damu. Tutapa penisilini."

Kimutai alikuja kutoka maabara akiwa ameshika kioo chenye damu ya mtoto. "Daktari, chembe nyekundu zinavunjwa. Zile mwili unatoa sasa ni changa, bado hazijakomaa. Kuna kitu kinazipiga. Ningependa kumpima mama tena."

Nusu ya Hiram ilitaka apimwe. Nusu nyingine, ile iliyokuwa ikiumwa tangu mwaka uliopita, ndiyo iliyowahi kufungua mdomo.

"Kwani si wewe ulipima? Mwandiko huu si wako? Ama hata wewe huiamini kazi yako?"

Kimutai aliitazama ile kadi. Daktari alimtazama kijana kwa mashaka, jambo ambalo Hiram alilingoja kwa miezi mingi, na sasa limefika. Alitegemea kuisikia ile raha. Badala yake alisikia mtoto akilia sauti ya juu, nyembamba, na akakumbuka kwamba yule aliyekufa siku ya tatu alilia hivyo hivyo.

"Daktari," alisema, "ile damu haikuwa ya mama. Ilikuwa yangu."

Hakuna aliyepandisha sauti. Daktari Praful alivua miwani. Kimutai aliweka kioo chini, akachukua sindano na kwenda moja kwa moja kwenye kitanda cha Wamaitha, na safari hii alimshika mkono yeye mwenyewe. Baada ya robo saa alirudi: O, Rhesus negative, na kingamwili zimejaa tele. Zilikuwa zimeanza kutengenezwa siku Wariara alipozaliwa, damu yake yenye alama ya baba ilipochanganyika na ya mama. Wariara aliponyoka. Waliofuata walizikuta zinawangoja.

"Kwa hivyo hii alama," Hiram aliuliza polepole, "watoto wanaitoa kwangu."

"Kwako, mzee."

"Toeni yangu basi. Mimi ni O. Toeni yote."

"Yako ndiyo inapigwa," Kimutai alisema. "Tukiweka yako, itavunjwa ile ile. Anahitaji isiyo na alama."

Hawakuhitaji kuuliza atakayeitoa. Kimutai alikuwa amekwisha kukunja mkono wa shati.

Mchana huo walimbadilisha mtoto damu. Daktari alipitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa kitovu, akatoa kidogo, akarudisha kidogo, akatoa, akarudisha, kwa saa mbili na zaidi. Hiram alipewa kazi ya kuhesabu mabomba ya sindano kwa sauti, na kwa kila namba damu yenye alama yake ilitoka na damu ya Kimutai ikaingia. Alimshukuru Mungu na aliona wivu, vyote pamoja, katika pumzi moja.

Mtoto alipona. Aliitwa Ngigi, jina la baba yake Hiram, kama desturi inavyotaka. Hiram aliondolewa wodini akapelekwa stoo ya mashuka, na alikubali, maana alijua alistahili kufukuzwa. Kilichomshinda ni nyumbani. Kimutai alipokuja kumsalimia mtoto na kibuyu cha maziwa ya kwao, mtoto alicheka. Ngigi akishika kijiko kwa mkono wa kushoto, Hiram aliwaza: Kimutai ni wa mkono wa kushoto. Akitulia akitazama kitu kwa makini, Hiram aliona mtu anayetazama darubini. Damu nzima ya mtoto ilikuwa ya mwanamume mwingine, na hakuna kanisa wala baraza ambalo ungeweza kulishtakia jambo hilo. Kwa mwaka mzima alimlea mwanawe kwa jicho la pembeni.

Ngigi alipotimiza mwaka, Hiram alimbeba peke yake hadi maabara na kumkalisha mezani.

"Mpime."

"Ni mgonjwa?" Kimutai aliuliza.

"Hapana. Nataka kujua kama bado ni yako."

Kimutai hakucheka, ingawa alikuwa na haki. "Baba Wariara, yangu iliisha zamani. Mpagazi haishi zaidi ya miezi minne, anaenda kuvunjwa kwa bandama, na mwili unatengeneza wengine. Si wewe ulikuwa unafundisha watu hii maneno huko wodini?"

Kimutai alimchoma mtoto kidole, akachanganya matone, akatikisa kioo. Damu ilijikusanya vibonge vibonge, hata Hiram aliyesimama mbali aliona.

"O, Rhesus positive. Kama yako kabisa."

Furaha ilimjia, hakuweza kuizuia, akambusu mtoto kichwani. Halafu nyuma ya furaha wakaja wale wawili. Nao walikuwa na damu hii hii. Ndiyo iliyowaua, na miaka yote hiyo alikaa mezani akinywa uji huku mama yake akilaumu tumbo la Wamaitha.

Alimshika Kimutai mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka. Hakupitia sokoni. Alimkuta Wamaitha uani akianika nguo, akamkabidhi mtoto na kadi ya kipimo aliyoandikiwa na Kimutai.

"Wale wawili," alisema, "haikuwa tumbo lako. Ilikuwa damu yangu."

Wamaitha aliitazama kadi, akaitia katika mfuko wa aproni.

"Najua. Na ya chupa najua. Sista wa wodi aliniambia yote siku ile ile mtoto alipobadilishwa damu." Alichukua shati la Hiram kutoka kwenye karai, akalikamua. "Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Sasa twende ukamwambie mama yako."