Fungate ya Bure ya Mutua

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na tumbo langu limeshiba. Ukiona ni uongo, ishia hapa uende zako, sikubembelezi. Nimeshachekwa na watu wa maana kuliko wewe, mchungaji wangu akiwa mmojawapo, na vicheko vyao havikubadilisha kitu.

Nilikuwa mfanyakazi wa usafi wa vyumba katika hoteli moja ya Deira, hapa Dubai, miaka ile ambayo Ijumaa bado ilikuwa wikendi. Mimi ni Mkenya wa Voi. Kwa miaka sita nilitandika vitanda vya maharusi. Nilikunja taulo zikawa ndege wawili wanaobusiana, nikamwaga maua ya waridi juu ya shuka, kisha asubuhi nikapiga magoti kuyaokota moja moja yakiwa yamegandia kwenye zulia. Unajua maharusi wanavyokiacha chumba? Bora usijue. Kwa miaka yote hiyo nilitaka jambo moja tu: siku nikiolewa, nilale wiki nzima katika kitanda alichotandika mtu mwingine, mbali na Dubai, na asubuhi nitoke nikiache kilivyo. Nilichagua Uhispania kwa sababu ya kalenda iliyotundikwa chumba cha kufulia. Picha yake moja ilikuwa ya mji wa Granada, ngome nyekundu na nyuma yake milima yenye theluji. Sikuwa na sababu nyingine, wala sikuihitaji.

Mchumba wangu alikuwa Mutua, Mkenya mwenzangu, mlinzi kwenye maghala ya Jebel Ali. Mkono wa birika. Nilipotaja Uhispania alikubali haraka mno, nami mjinga nikadhani ni mapenzi. Kumbe alikuwa ameshaona pa kubana, na pa kubana ni hoteli.

Sikiliza mipango ya mwanamume huyu. Ubalozi ulitaka karatasi za hoteli za kila usiku ndipo utoe viza. Basi akashika nafasi katika hoteli nzuri, zile ambazo unaweza kufuta bila kulipa, akachapisha karatasi, akaweka alama kwenye simu ya siku ya kuzifuta zote. Usiku wa kwanza tulale kwenye viti vya uwanja wa ndege wa Madrid, maana tungefika usiku hata hivyo. Usiku wa pili tupande basi la kwenda Granada, tulale humo humo njiani. Na tukishafika Granada, tulale bweni la watu wanane, vitanda vya ghorofa, mimi juu, yeye chini. Hiyo ndiyo fungate.

"Babe, hoteli si ni ya kulala tu?" aliniambia. "Ukishafunga macho, kwani utajua uko wapi?"

Nami nilimjibu nini? Nilimwambia hamna shida. Najidharau kwa neno hilo mpaka leo. Miaka sita ya kumjibu kila madam na kila sir hamna shida, mwisho likawa linanitoka lenyewe kama chafya.

Wiki moja baadaye akaja amejaa furaha. Ameona tangazo katika kundi la Waafrika Mashariki mtandaoni. Kuna mama yuko Deira, ana nyumba Granada, anawapa maharusi wapya wakae bure, mradi waende kwanza awaone. Bure. Mutua alilitamka neno hilo akiwa amefumba macho, jinsi wengine wanavyotamka amina.

Tulikwenda Ijumaa ya mwezi wa Agosti, saa nane mchana. Kama hujawahi kuwa Dubai mwezi huo, saa hiyo hata paka hawaonekani. Lilikuwa jengo la zamani nyuma ya maduka ya vitambaa ya jumla, lifti mbovu, tukapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu. Mlango ukafunguliwa kabla hatujabisha.

"Karibuni wanangu, karibuni ndani. Msione haya," akasema yule mama kwa Kiswahili safi cha Unguja. Alikuwa mtu wa makamo, mnene kiasi, buibui jeusi, mikono imejaa hina. Akatukalisha, akatumiminia kahawa.

Sasa niamini, kuna mambo ambayo mfanyakazi wa usafi huyaona kabla hajavua viatu. Ndani hamkuwa na kiyoyozi, madirisha yamefungwa, na mimi sitoki jasho. Nikajifanya nanyoosha mgongo, nikapitisha kidole juu ya fremu ya mlango, pale msimamizi wangu anapopenda kukagua. Hapakuwa na vumbi. Dubai vumbi huingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Nyumba isiyo na chembe ya vumbi haipo, hata ya tajiri mwenye wasichana wanne. Nikataka tuondoke, lakini nani angenisikiliza? Mutua alikuwa ameshamaliza kahawa yake na anaitazama yangu.

"Nyumba ya Granada yenyewe ndiyo hii," akasema yule mama, akanyanyuka na kufungua mlango wa ndani.

Ikatoka baridi. Baridi ya mvua iliyonyesha juu ya mawe, na harufu ya machungwa, na kengele ya kanisa ikilia mbali. Niliona chumba, kitanda kikubwa cha mbao, dirisha lililo wazi, na nje ya dirisha ile ngome nyekundu na ile milima, jua linazama. Nikageuka nyuma. Dirisha la sebuleni bado lilikuwa la Deira, jua jeupe na waya za nguo. Nikatazama tena mbele. Granada.

Wewe ungefanya nini? Mtu mwenye akili angekimbia, au angepiga magoti akasali. Mutua akauliza, "Na hata tiketi hatulipi?"

"Hamlipi kitu," akasema mama. "Pawe na ridhaa ya nyote wawili, basi."

"Viza je?"

"Hamna viza."

Kicheko alichocheka sijawahi kukisikia kwake, hata siku aliyonichumbia. Uhispania iko nyuma ya mlango Deira, na mwanamume mzima hajiulizi imefikaje hapo. Anachowaza ni alichookoa.

Mimi nilikuwa natazama kitanda. Kilitandikwa vizuri kuliko ninavyotandika mimi, na hilo silisemi kirahisi. Ila upande mmoja shuka ilikuwa imebonyea na mto umekunjika, na nilijua maana yake. Mtu alikuwa ameinuka hapo dakika ile ile. Katika kazi yetu huingii chumba ambacho mgeni bado hajatoka.

"Mutua," nikasema, "chumba kina mtu."

"Wacha uoga bana. Si umeambiwa ni yetu?"

Akaingia na viatu vyake vya kazi. Mama akanigeukia, akanitazama kwa upole mkubwa. "Na wewe mwanangu, umeridhia?"

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na hasira, natetemeka kwa baridi, nataka mambo yaishe nirudi chumbani kwangu nilale. Nikafungua mdomo, nao mdomo ukasema ulichozoea kusema. "Hamna shida, madam."

Mlango ukafungwa.

Utaniuliza kwa nini sikuondoka. Sijui. Nilikaa pale sebuleni nikitazama saa ya simu, mama naye ametulia, anatabasamu kama mtu anayesubiri mkate uive. Zilipita dakika kumi, hazikuzidi. Kahawa yangu ilikuwa bado inatoa mvuke mlango ulipofunguka.

Mutua alikuwa na ndevu za wiki nzima. Pua imebabuka kwa jua, shati limekunjika, macho yamelegea kwa raha. Akanikumbatia mbele ya yule mama, jambo ambalo hakuwahi kufanya mbele ya mtu. "Babe, kumbe umenitangulia kutoka. Asante. Asante kwa wiki hii."

"Wiki gani?"

Akacheka, akadhani namtania, akanipa simu. Nilijiona. Mimi, mbele ya chemchemi, na mtandio huu huu wa njano niliokuwa nimejitanda saa ile. Mimi, nimelala kwenye kile kitanda, nacheka kicheko kisicho changu. Mimi na yeye, sahani moja ya wali, vijiko viwili, nami namtazama mbahili yule kana kwamba ameninunulia mji mzima.

Ngazini nilimweleza yote. Nilimshika shati, nikamwambia nilikuwa nimekaa pale sebuleni, huyo hakuwa mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Uhispania hukuwa mtu wa kulalamika hivi." Halafu akasema kwamba fungate si tumeshaenda, imebaki harusi tu, na ndogo inatosha.

Nilivua pete pale pale kituo cha metro, nikamtilia mkononi. Hakunibembeleza hata kidogo. Aligeuka akarudi kule kule kwa yule mama, anatembea upesi, na mimi nikapanda treni nikilia kwa uchungu mbele ya abiria. Jini lenye uwezo wa kuileta Granada Deira, na katika wanaume wote wa Dubai likamchagua Mutua. Lile jini nalo nalidharau.

Sasa ungesema yameisha. Miezi miwili baadaye Nakato, Mganda niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja, alinijia amenuna. Alikuwa amepeleka mzigo Sharjah, anakokaa Mutua, akapita kwake kusalimia. "Nimekukuta huko jana," akasema, "ukanipikia chai, ukanisikiliza saa nzima unatabasamu tu. Sasa nyumbani mbona huna hata salamu?" Jana hiyo nilikuwa kazini tangu alfajiri mpaka jioni, na Nakato mwenyewe alijua ratiba yangu. Akili ilipomrudia alihamisha kitanda chake.

Hata hilo ningelivumilia. Kilichoniumiza ni kingine. Tangu nimwache Mutua sikuwa nimempigia mama yangu simu. Ningemwambia nini? Alishatangaza harusi kanisa zima la Voi. Kila siku nilisema nitapiga kesho, mpaka ikapita miezi mitatu. Siku nilipojikaza nikapiga, alishangaa. Akaniuliza, si tuliongea juzi?

Nikamwambia, mama, huyo unayeongea naye si mimi.

Nikasikia kuku wake nje. Kisha akasema polepole, "Najua, mwanangu. Si ni mimi niliyekuzaa? Lakini yeye hunipigia kila Ijumaa."

Uhispania sijafika mpaka leo, na vitanda bado natandika. Wewe nakuonya, na usijifanye mjanja. Ukiitwa Deira kuonyeshwa chumba cha bure, usiende. Ukienda, yule mama akikuuliza kama umeridhia, mwambie hapana, hata kama umechoka, hata kama itaonekana huna adabu. Na huyo unayesema utampigia kesho, mpigie leo, wewe mwenyewe, hata ikiwa ni kugombana. Mimi siku hizi hupiga kila Alhamisi, nimtangulie mwenzangu. Mama hupokea, hunijibu vizuri, huniuliza kama nimekula. Ila hakai sana kwenye simu. Husema anahifadhi chaji ya kesho.